Kuondoa wengu kutibu damu: Upasuaji unaohitaji tahadhari zaidi kando ya Ziwa Victoria

Katika zahanati na hospitali za kaunti za Homa Bay na Migori, mgonjwa kupapaswa tumbo upande wa kushoto ni jambo la kila siku. Mhudumu wa afya hutafuta ukingo wa wengu, kiungo ambacho kwa mtu mzima mwenye afya huwa na ukubwa wa ngumi na uzito wa gramu 150 hivi, na ambacho hujificha chini ya mbavu kiasi kwamba vidole havikifikii. Kikiguswa, basi kimevimba. Na katika ukanda huo wa ziwa, mshukiwa wa kwanza huwa malaria.

Hata hivyo, wapo wagonjwa wachache ambao shida yao haikuletwa na mbu. Kinga ya miili yao, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, imeigeukia damu yao wenyewe na kuiharibu. Kwa wagonjwa wa aina hii, madaktari wamekuwa na tiba moja ambayo hadi leo huwashtua wengi wanapoelezwa kwa mara ya kwanza: kuondoa kiungo kizima mwilini.

Mara nyingi kiungo hicho huwa wengu, unaoitwa pia bandama. Mara chache sana huwa thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Tiba hiyo ina umri wa zaidi ya karne moja na manufaa yake yamethibitishwa kwa baadhi ya maradhi. Lakini uamuzi unaomfaa mgonjwa wa London au Chicago hauwezi kuhamishiwa Ndhiwa au Muhuru Bay bila kupimwa upya, kwa sababu wengu ni miongoni mwa ngome kuu za mwili dhidi ya malaria.

Kinga inapoigeukia damu

Maradhi mawili ndiyo yanayotajwa zaidi katika mjadala huu. La kwanza ni lile la kupungua kwa chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazogandisha damu mtu anapojikata. Mtu mwenye afya huwa na chembe hizo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila tone dogo mno la damu, kipimo ambacho maabara hukiita maikrolita. Mgonjwa anaweza kuwa na chini ya 30,000, wakati mwingine chini ya 10,000. Hutokwa na damu puani na kwenye fizi, hupata madoa mekundu miguuni, na mwanamke huweza kupata hedhi isiyokatika. Linalohofiwa zaidi, ingawa si la kawaida, ni damu kuvuja ubongoni.

La pili ni anemia inayotokana na chembe nyekundu kuvunjwa kabla ya wakati wake. Mgonjwa huishiwa nguvu, moyo humwenda mbio, macho huwa ya manjano na mkojo huwa na rangi nzito. Kipimo cha kuitambua hali hii kilibuniwa Uingereza mwaka 1945 na Robin Coombs pamoja na wenzake, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake.

Katika maradhi yote mawili, mwili hutengeneza kingamwili zinazojibandika juu ya chembe za damu kama alama. Chembe zilizotiwa alama zinapopita katika wengu, hunaswa na kumezwa. Wengu ni chujio. Damu yote hupita humo, na chembe zilizozeeka au zilizoharibika huondolewa. Tatizo ni kwamba chujio hilo haliwezi kujua kama alama iliyobandikwa ni ya haki au ya makosa. Isitoshe, wengu wenyewe hushiriki kuzitengeneza kingamwili hizo. Kwa hiyo unapoondolewa, kichinjio na sehemu ya kiwanda huondoka kwa pamoja.

Aliyelitambua hilo mapema kwa upande wa chembe sahani alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1916, Paul Kaznelson, aliyekuwa akisomea udaktari mjini Prague, alimshawishi profesa wake amwondoe wengu mwanamke mmoja aliyekuwa akitokwa na damu kwa muda mrefu. Chembe sahani zilipanda baada ya upasuaji, na tiba hiyo ikaenea duniani.

Ushahidi kwamba kosa limo ndani ya damu ulichelewa hadi mwaka 1950. Daktari William Harrington wa St. Louis, Marekani, alijitia mwilini damu ya mgonjwa. Katika muda wa saa chache chembe sahani zake zilikaribia kwisha, naye akapatwa na kifafa. Alipona baada ya siku kadhaa. Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo na kamati yoyote ya maadili, lakini lilimaliza ubishi: katika damu ya mgonjwa mlikuwa na kitu kinachoua chembe sahani za mtu mwingine.

Dawa kwanza, kisu baadaye

Kwa sasa upasuaji hauji mwanzo. Mtu mzima huanzishiwa dawa za steroidi, hasa prednisoloni au deksamethasoni, ambazo hupatikana hata katika hospitali za kaunti na bei yake si kubwa. Wengi hupata nafuu, lakini kwa sehemu kubwa yao ugonjwa hurudi dozi inapopunguzwa. Kumeza steroidi mwaka baada ya mwaka nako kuna gharama yake: sukari kupanda, mifupa kudhoofika, uso kuvimba na maambukizi kupata mlango.

Hapo ndipo dawa mpya kama rituximabu na eltrombopagi huingia. Zimewapunguzia wagonjwa wa nchi tajiri haja ya kupasuliwa. Kwa familia ya mkulima wa Uriri au mvuvi wa Mbita, bei yake ni habari nyingine, na ndiyo maana upasuaji, unaolipiwa mara moja, haujapoteza nafasi yake Afrika Mashariki kama ulivyoipoteza Ulaya.

Matokeo yake si haba. Kati ya kila wagonjwa watatu wenye upungufu wa chembe sahani wanaoondolewa wengu, wawili hivi hupata nafuu ya kudumu. Hakuna dawa ya ugonjwa huo inayoweza kujisifia idadi hiyo kwa urahisi. Hata hivyo, mwongozo wa chama cha wataalamu wa damu cha Marekani uliotolewa mwaka 2019 unashauri kusubiri angalau mwaka mmoja tangu ugonjwa utambuliwe, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hupona wenyewe. Kwa watoto hoja hiyo ina uzito zaidi: walio wengi hupona katika mwaka wa kwanza bila ya kisu, na baadhi bila ya dawa yoyote.

Kwa anemia ya kuvunjika kwa chembe nyekundu, aina ndiyo inayoamua. Ile ambayo kingamwili zake hufanya kazi katika joto la mwili huitikia vizuri wengu unapoondolewa. Ile inayochochewa na baridi haiitikii, kwa kuwa chembe zake huharibiwa zaidi katika ini. Kumpasua mgonjwa wa aina hii ya pili ni kumtia kovu bure.

Thaimasi yaingiaje?

Thaimasi ni tezi ambayo kwa karne nyingi haikujulikana kazi yake. Huwa kubwa utotoni, kisha hunywea mtu anapokua. Mwaka 1961, Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, alionyesha kwamba panya walioondolewa tezi hiyo mara baada ya kuzaliwa walikosa kinga na kufa kwa maambukizi. Thaimasi, ikabainika, ni shule ambamo askari wa kinga hufunzwa kutofautisha mwili wao na adui.

Ikiwa ni shule, basi huenda wanafunzi watukutu wanatoka humo. Dhana hiyo ilipewa nguvu na panya weusi wa New Zealand, ambao mwaka 1959 walielezwa kuwa hupata wenyewe anemia ya kuvunjwa chembe nyekundu, na ambao thaimasi zao zilionekana kuwa na kasoro. Mwaka 1963 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha habari ya mtoto mchanga mwenye anemia kama hiyo aliyetibiwa kwa kuondolewa thaimasi. Matumaini yalipanda.

Hayakudumu. Tiba hiyo haikuwahi kuthibitishwa kuwa na manufaa ya kutegemewa kwa maradhi ya kinga kuishambulia damu, na sasa haimo miongoni mwa tiba za kawaida za upungufu wa chembe sahani wala za anemia hiyo. Sababu moja ni rahisi kuielewa: mtu mzima anapougua, askari waliofunzwa vibaya wamekwisha kuhitimu zamani na kutawanyika mwilini. Kuifunga shule hakuwarudishi.

Pamebaki mahali pawili. Kwanza, kuna anemia ya nadra ambamo uboho huacha kabisa kutengeneza chembe nyekundu. Baadhi ya wagonjwa hao huwa na uvimbe katika thaimasi, ingawa ni wachache mno kuliko vitabu vya zamani vilivyodai. Uvimbe huo huondolewa kwa kuwa ni uvimbe, huku damu ikisaidiwa kwa dawa kama saiklosporini, maana upasuaji peke yake mara nyingi hautoshi kuirudisha.

Pili, kuna ugonjwa wa miasthenia, ambao si wa damu bali ni wa misuli. Mgonjwa hulegea kope, huona vitu viwili viwili na hushindwa kumeza. Daktari Ferdinand Sauerbruch wa Zurich alimwondolea mgonjwa wa aina hiyo thaimasi mwaka 1911. Alfred Blalock wa Marekani akafuata mwaka 1936. Uthibitisho kamili ulikuja miaka 80 baadaye. Utafiti wa kimataifa uliowahusisha wagonjwa 126, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba walioondolewa thaimasi na kupewa prednisoloni au dawa ya jamii yake walikuwa na hali bora kuliko waliopewa dawa peke yake.

Aidha, utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2023 umewatia wapasuaji breki. Watu wazima walioondolewa thaimasi walifuatiliwa kwa miaka mitano; asilimia 8.1 walifariki, ikilinganishwa na asilimia 2.8 ya waliofanyiwa upasuaji mwingine wa kifua bila ya kuguswa tezi hiyo. Saratani nayo ilionekana zaidi kwao. Tezi iliyodhaniwa kuwa imestaafu bado hufanya kazi.

Ziwa na wengu mkubwa

Yote hayo yanapofikishwa Nyanza Kusini, kama eneo hilo lilivyojulikana kabla ya kugawanywa, hesabu hubadilika.

Malaria na wengu ni ndugu wa zamani kiasi kwamba kimoja kilitumiwa kumpima mwenzake. Mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Kampala mwaka 1950 uliamua kwamba kiwango cha malaria katika eneo kipimwe kwa kuhesabu watoto wenye wengu uliovimba. Eneo ambalo zaidi ya robo tatu ya watoto wana wengu wa aina hiyo liliwekwa katika daraja la juu kabisa. Nyanda za kando ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ambayo malaria haikati mwaka mzima.

Kwa hiyo, mgonjwa wa Rongo au Karungu anapokutwa na chembe sahani chache, si halali kukimbilia kusema kinga yake imemgeuka. Malaria yenyewe hupunguza chembe sahani, nazo hurudi katika siku chache vimelea vinapouawa. Wengu uliovimba kwa sababu yoyote ile nao huzizuia chembe ndani yake. Kwa kawaida, katika ugonjwa wa kinga kuzishambulia chembe sahani, wengu hauvimbi. Ukiwa umefika kitovuni, daktari ana kila sababu ya kutafuta kisa kingine.

Kisa hicho huweza kuwa hali ambayo watafiti wa Mulago, Kampala, waliishughulikia sana katika miaka ya 1960. Baadhi ya watu wanaoumwa na mbu wenye vimelea miaka nenda miaka rudi hupata mwitikio uliopita kiasi: kingamwili za aina moja hujaa katika damu, wengu hukua hadi kulijaza tumbo, na chembe zote za damu hupungua. Mgonjwa hana homa, na vimelea havionekani kwa darubini. Anafanana kabisa na anayehitaji kupasuliwa. Lakini tiba yake ni dawa ya kuzuia malaria, kama proguanili, inayomezwa kwa miezi mingi. Wengu hunywea polepole. Akipasuliwa na kurudi kijijini, atakuwa amepoteza ngome mahali penye adui wengi.

Kichocho ni kisa cha pili. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na fuo za Mbita, wavuvi na watoto hukanyaga maji yenye konokono wanaosambaza kichocho cha tumbo. Mayai ya vijidudu huacha makovu katika ini, damu itokayo matumboni hukosa njia, na wengu hufura. Huyu huweza kutapika damu nyingi kwa ghafla. Tiba ya vijidudu ni prazikwanteli, na kasoro iliyo katika ini haiondoki kwa kuondoa wengu.

Kisa cha tatu ni virusi vya ukimwi, ambavyo huweza kuzishusha chembe sahani hata kabla ya dalili nyingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 uliipa Homa Bay kiwango cha maambukizi cha asilimia 19.6, na Migori asilimia 13, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9 kwa watu wazima. Zamani baadhi ya wagonjwa kama hao duniani waliondolewa wengu. Leo tiba ni dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuzitoa bila malipo katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001. Kipimo cha virusi hutangulia kisu.

Kisha kuna selimundu. Ugonjwa huu hautokani na kinga kukosea. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Uhusiano wake na malaria ulithibitishwa kwa msaada wa wanaume wa Kiluo. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza mwaka 1954 jinsi wanaume 30 wa kabila hilo walivyoambukizwa malaria kwa makusudi: kati ya 15 wasio na chembechembe za urithi huo, 14 waliugua, kati ya 15 waliorithi kwa mzazi mmoja, waliugua wawili tu. Ndiyo maana urithi huo haukutoweka katika eneo la ziwa.

Mtoto aliyerithi kwa wazazi wote wawili hupatwa na hatari ya wengu kunasa damu nyingi kwa ghafla, kiasi cha kuweza kumuua kwa saa chache. Mama hufunzwa kuupapasa wengu wa mwanawe na kumkimbiza hospitali akiona umekua. Hali hiyo ikijirudia, upasuaji huzingatiwa. Kwa wengi, hata hivyo, wengu huo hufa wenyewe kwa kukosa damu kabla ya miaka ya shule, nao huishi kama walioondolewa. Katika Homa Bay, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Duke, Marekani, wamewahi kulinganisha proguanili ya kila siku na dawa nyingine mbili za kila mwezi katika kuwakinga watoto hao dhidi ya malaria.

Maisha bila ya wengu

Mwaka 1952 madaktari wa Marekani, King na Shumacker, waliripoti watoto walioondolewa wengu kisha wakapatwa na maambukizi makali. Tangu hapo imefahamika kwamba asiye na wengu huweza kuamka na homa asubuhi na kuwa mahututi jioni. Vijidudu vinavyohusika zaidi ni vile vya nimonia na vya homa ya uti wa mgongo. Hatari huwa kubwa zaidi kwa watoto wa chini ya miaka mitano na katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, lakini haiishi maisha yote.

Kinga ipo. Chanjo dhidi ya vijidudu hivyo hutolewa angalau wiki mbili kabla ya upasuaji, ili wengu wenyewe usaidie kuitikia kabla haujaondoka. Watoto wa Kenya hupata chanjo ya nimonia tangu mwaka 2011, na ile ya vijidudu vya Hib tangu 2001; mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo hakuzipata, na lazima azitafute. Watoto hupewa pia penisilini ya kumeza kila siku.

Kwa malaria, chanjo iliyozinduliwa Ndhiwa, Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019, na kutolewa pia Migori, ni ya watoto wadogo. Mtu mzima asiye na wengu hutegemea chandarua chenye dawa na, daktari akiagiza, vidonge vya kuzuia. Akiugua, tiba ni ile ile ya dawa mseto, ila kuna jambo moja linalowapotosha wahudumu: bila ya wengu wa kuvifagia, vimelea vilivyokwisha kufa hubaki katika damu kwa siku nyingi na huonekana kwa darubini. Asiyefahamu hudhani dawa imeshindwa.

Hospitali za rufaa za Homa Bay na Migori zinaweza kuanza uchunguzi, lakini uamuzi wa upasuaji huu kwa kawaida huhitaji daktari bingwa wa damu, na wagonjwa wengi hupelekwa Kisumu katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Eldoret au Kenyatta, Nairobi. Upasuaji wa kifua, kama wa thaimasi, hufanyika katika hospitali chache zaidi nchini, ikiwemo Tenwek iliyo kaunti ya Bomet. Kabla ya kutia sahihi, mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo matatu: kama malaria, kichocho na virusi vya ukimwi vimekwisha kuondolewa katika orodha ya washukiwa, kama amekaa na ugonjwa muda wa kutosha kujua kwamba hautapona wenyewe, na kama chanjo zimekwisha kupatikana, si kuahidiwa.

Anayeishi mbali na hospitali, kama vile kisiwani Mfangano ambako usiku chombo cha kuvukia si rahisi kupatikana, huhitaji pia kupewa dozi ya antibiotiki ya kuweka nyumbani, na maelezo kwa jamaa zake kwamba homa ikianza huimeza papo hapo, kisha safari ya hospitali ndiyo ifuate.